Saratani katika Michezo ya Video Inayosimulia Dunia Baada ya Kiama

Katika mchezo wa video uitwao Fallout 4, uliotolewa mwaka 2015, yumo mzee wa miaka 60 anayeongoza jumuiya ya wanasayansi waliojichimbia chini ya magofu ya mji wa Boston, nchini Marekani. Kwa mujibu wa hadithi, dunia iliangamia kwa mabomu ya nyuklia tarehe 23 Oktoba 2077, na watu walio juu ya ardhi wameishi kizazi baada ya kizazi katika vumbi lenye mionzi. Mzee huyo, Shaun kwa jina la kuzaliwa, aliibwa na wanasayansi hao akiwa mtoto mchanga kwa sababu moja: alikuwa amehifadhiwa ndani ya handaki tangu siku ya mabomu, na vinasaba vyake havikuwa vimeguswa na mionzi. Akalelewa mahali safi kuliko pote palipobaki, kwa chakula safi, maji safi na hewa iliyochujwa. Mchezaji, ambaye katika hadithi ndiye mzazi wake, anapomkuta hatimaye, anaambiwa kuwa mzee ana saratani na kwamba hakuna tiba iliyobaki.

Wachezaji wengi huliona tukio hili kuwa kejeli ya majaaliwa. Kwa mtaalamu wa saratani, ni miongoni mwa mambo machache ambayo michezo ya aina hii imeyaeleza sawasawa. Kila seli inapogawanyika, vinasaba hunakiliwa, na katika kunakili hutokea makosa. Mengi hurekebishwa na mwili wenyewe. Machache hubaki, na kadiri umri unavyosogea ndivyo yanavyolimbikizana. Mionzi huongeza makosa hayo. Kadhalika tumbaku, pombe, na baadhi ya virusi. Lakini hata mtu aliyeepushwa na yote hayo hubaki na makosa ya kawaida ya mwili unaoishi. Mgonjwa anayemuuliza daktari amekosa wapi hata akapata ugonjwa huu, aghalabu jibu la kweli ni kwamba hakukosa popote; na jamaa wanaotafuta mtu wa kulaumiwa, awe jirani, mke mwenza au mgonjwa mwenyewe, wanatafuta asiyekuwapo.

Michezo ya namna hii huchezwa na vijana wengi, na tamthilia ya televisheni iliyotokana na Fallout mwaka 2024 imeifikisha hadithi hiyo hata kwa wasioshika kitufe cha mchezo. Ina somo moja kuu ambalo kila mchezaji hulijua bila kufundishwa: mionzi ni uchafu unaoingia mwilini, unaohesabika, na ukijaa kiasi fulani unaua. Picha hiyo humfuata mtu mpaka hospitalini. Kwa hiyo inafaa kuichunguza, mahali ilipo sahihi na mahali inapopotosha.

Katika Fallout 3 ya mwaka 2008 na Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, mchezaji ana kipimo kinachoonyesha kiasi cha mionzi alichopokea kwa kizio cha radi. Akifika radi 1,000 anakufa. Kabla ya hapo hudhoofika hatua kwa hatua. Hili ni gonjwa la ghafla la mionzi, na michezo imelikaribia ukweli kiasi. Radi 100 ni sawa na grei 1, na mwili mzima ukipokea takriban grei 4 kwa muda mfupi bila matibabu, nusu ya watu hufa ndani ya wiki chache, hasa kwa sababu uboho wa mifupa huacha kutengeneza damu. Grei 10 karibu kila mara ni mauti. Katika ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi na wazimamoto 134 walithibitishwa kupata gonjwa hilo, na 28 kati yao walifariki mwaka huohuo.

Jambo ambalo kipimo cha mchezo hakiwezi kulionyesha ni saratani. Mchezaji anaweza kutembea miezi katika ardhi yenye mionzi, akanywa maji machafu, akala nyama ya wanyama walioharibika maumbile, na kamwe hatapata uvimbe. Sababu ni muda. Mchezo huhesabu saa na siku, ilhali saratani huhesabu miaka. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945, saratani ya damu ilianza kuongezeka takriban miaka miwili baadaye na kufikia kilele kati ya mwaka wa sita na wa nane. Saratani za matiti, mapafu, tumbo na viungo vingine zilichukua miaka kumi na zaidi. Sadako Sasaki alikuwa na umri wa miaka miwili bomu lilipoanguka Hiroshima. Alikua, akaenda shule, akawa mkimbiaji hodari wa darasa lake, na alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12.

Tangu mwaka 1950, watafiti wamefuatilia maisha ya watu wapatao 120,000 wa miji hiyo miwili, wakiwamo ambao hawakuwapo siku ya milipuko. Kati ya walionusurika waliopokea kiasi cha mionzi kinachopimika, takriban saratani 11 katika kila 100 zisizo za damu zilizogunduliwa kati ya mwaka 1958 na 1998 zilihusishwa na mionzi ya bomu. Zilizobaki zingewapata kwa njia za kawaida. Hii haipunguzi uzito wa maafa yale. Inaonyesha tu kwamba hata katika miji iliyopigwa kwa bomu la nyuklia, wagonjwa wengi wa saratani hawakuugua kwa sababu ya bomu. Na kuhusu viumbe wa kutisha waliojaa katika michezo hii, watoto waliozaliwa baadaye na wazazi walionusurika hawakuonekana kuwa na ongezeko la wazi la kasoro za kurithi.

Kwa kuwa saratani haiingii katika kipimo, watunzi huiweka katika mazungumzo, na kwa kawaida humpa mtu mkubwa. Mfano ulio bora, na wenye manufaa zaidi kwa mhudumu wa afya, ni wa Caesar katika Fallout: New Vegas. Huyu ni mtawala wa jeshi linalopiga marufuku dawa za kisasa na pombe; askari wake hutibiwa kwa unga wa mitishamba. Lakini mwenyewe anaumwa kichwa kwa muda mrefu, na sasa ameanza kupotewa na fahamu kwa vipindi vifupi. Ndani ya hema lake kuna mashine ya tiba aliyoificha, nayo ni mbovu. Maradhi ni siri, kwa kuwa akifa uongozi utakwenda kwa jemadari mkatili kuliko yeye. Mchezaji anaweza kuitengeneza mashine, kumpasua kwa mikono yake kama ana ujuzi wa kutosha, au kumwacha afe.

Upasuaji wenyewe ni wa kuchekesha: uvimbe unatolewa, mgonjwa anaamka, na vita vinaendelea. Hakuna anayepeleka kipande maabara kujua uvimbe ni wa aina gani, na bila hilo hakuna daktari awezaye kusema kama kilichotolewa kitarudi. Lakini hadithi ya kuchelewa ni ya kweli kabisa. Maumivu ya kichwa peke yake mara chache sana huwa ni uvimbe wa ubongo. Yakiwa yanazidi wiki hadi wiki, yakawa makali asubuhi pamoja na kutapika, au yakaambatana na degedege kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nalo, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au vipindi vya kuduwaa asijibu anapoitwa, mgonjwa apelekwe kwenye hospitali yenye kipimo cha picha ya ubongo. Mtu mwenye cheo, mwenye familia inayomtegemea, au aliyewahi kuwakataza wengine kwenda hospitali, huwa wa mwisho kukiri. Caesar yupo katika kila wilaya.

Dawa za michezo hii nazo zina mafunzo. Katika Fallout, dawa iitwayo RadAway huingizwa kwa mshipa na kuifuta mionzi. Mwilini mwa binadamu, madhara ambayo mionzi imekwisha kuyafanya katika vinasaba hayafutiki kwa dripu. Kinachoweza kuondolewa ni chembe zenye mionzi zilizomezwa au kuvutwa, na kila chembe ina dawa yake. Mwezi Septemba 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu walivunja kifaa cha tiba kilichotelekezwa katika kliniki iliyohamwa, wakagawana unga wa sesiamu uliokuwa uking'aa buluu gizani. Wanne walifariki. Wengine walipewa rangi iitwayo buluu ya Prussia, ambayo huishika sesiamu utumboni na kuitoa kwa choo. Vidonge vya iodini, kwa upande wao, hukinga tezi ya thairoidi iliyo shingoni dhidi ya iodini yenye mionzi tu, tena vikinywewa kwa wakati. Baada ya Chernobyl, watoto wengi waliokunywa maziwa yenye iodini hiyo walipata saratani ya tezi hiyo.

Upotoshaji mkubwa zaidi umo katika S.T.A.L.K.E.R. ya mwaka 2007, iliyotungwa na kampuni ya Kyiv na kuwekwa katika eneo lenyewe la Chernobyl. Humo vodka hupunguza mionzi mwilini. Pombe haifanyi hivyo hata kidogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988.

Metro Exodus ya mwaka 2019 inastahili sifa zaidi. Mwishoni, shujaa Artyom amepokea mionzi mingi, na kupona kwake hutegemea damu ya wenzake. Ikiwa katika safari mchezaji amewapoteza wengi kwa uamuzi wake mbaya, wachangiaji hawatoshi na Artyom anakufa. Mtu ambaye uboho wake umeacha kazi, iwe kwa mionzi, kwa saratani ya damu au kwa dawa za saratani zenyewe, huishi kwa damu na chembe sahani za watu wengine. Chembe sahani hazihifadhiki zaidi ya siku chache, na kwa hiyo ndugu anayechangia leo hawezi kuhesabiwa kuwa amechangia kwa mwezi ujao.

Turudi kwenye radi 1,000, kwa kuwa hapo ndipo picha ya mchezo inapoweza kumdhuru mgonjwa wa kweli. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV, na ikiwa haijasambaa mbali huweza kutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Kiasi cha kawaida cha mionzi ya nje ni grei 45 hadi 50. Kwa hesabu ya mchezo hizo ni radi 4,500 hadi 5,000, yaani mgonjwa angekuwa amekufa mara nne au tano. Lakini hutolewa katika mahudhurio 25 hivi, kidogo kidogo, na huelekezwa kwenye nyonga tu. Seli nzuri hupata usiku wa kujirekebisha; seli za saratani hujirekebisha vibaya zaidi, ndipo zikafa. Mgonjwa huchoka, huenda akaharisha au kuungua ngozi, na aliye bado na hedhi huipoteza. Haya aelezwe kabla ya kuanza. Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi iliyopigwa nyongani.

Anaposhuka kitandani kila siku hana mionzi mwilini, kama vile mtu aliyepigwa picha ya kifua asivyobaki na mwanga ndani yake. Kifaa kinachowekwa ndani ya uke katika hatua ya mwisho nacho kwa kawaida hutolewa kabla hajaondoka chumbani. Anaweza kupanda basi, kulala na mumewe chumba kimoja, kupika, na kumbeba mtoto. Ni mgonjwa aliyenyweshwa iodini yenye mionzi kwa saratani ya thairoidi ndiye anayetakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na huyo huambiwa idadi ya siku kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.