Kuchagua Valvu za Amplifaya: EL34 na KT88

Msomaji wa Machakos aliyehifadhi santuri za miaka ya 1970, kama zile za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, akizisikiliza kwa amplifaya ya valvu hana budi siku moja kununua valvu mpya, maana valvu huchakaa. Bei yake ni kubwa, tena si kila valvu hufaa kila chombo. Kwa hiyo somo hili lalinganisha valvu mbili zenye sifa, EL34 na KT88, ili mnunuzi asipoteze fedha zake wala kuharibu chombo chake.

JINSI VALVU IFANYAVYO KAZI

Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto kwa umeme. Joto hilo huifanya kathodi itoe elektroni, nazo hukimbilia bamba lenye volti nyingi. Katikati pana wavu mwembamba ambao ni kama bawabu: umeme mdogo utokao kwenye santuri hufika hapo, ukapunguza au kuongeza elektroni zipitazo. Hivyo umeme mdogo huutawala ulio mkubwa.

TOFAUTI ZAKE

Bamba la EL34 hustahimili joto la wati 25. La KT88, iliyotokea Uingereza mwaka 1956, hufikia wati 42. Kwa kawaida EL34 mbili hutumiwa katika amplifaya za wati 35 hadi 50. KT88 mbili zaweza kutoa wati 100, zikipewa volti na transfoma za kutosha. Wengi husifu EL34 kwa sauti za waimbaji na magitaa, na KT88 kwa nguvu za besi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu. Sikio halisikii sauti kuwa maradufu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, valvu zote mbili zina miguu 8 nazo huingia katika soketi moja, lakini kuingia si kufaa. Uzi wa EL34 hutumia ampea 1.5, wa KT88 ampea 1.6, na volti za wavu hazilingani. Transfoma isiyotengenezwa kwa mzigo huo yaweza kuungua. Soma kwanza kitabu cha chombo.

Pili, nunua valvu mbili zilizopimwa na kulinganishwa, kisha fundi arekebishe umeme wake.

Tatu, usiamini jina peke yake. Majina ya zamani ya Uingereza, kama Mullard na Gold Lion, yameandikwa pia juu ya valvu mpya zilizotengenezwa Urusi. Huenda zikawa nzuri, lakini haifai kuzilipia bei ya zile za kale.

Nne, ndani ya amplifaya mna volti 400 na zaidi, nazo huweza kubaki katika kapasita hata baada ya kuzima na kuchomoa waya ukutani. Umeme huo huua. Asiye fundi asifungue chombo.

Basi, valvu iliyo bora si ile yenye bei kubwa kupita zote, bali ni ile ambayo chombo chako kiliundwa kuitumia.