Hashtegi: Kumfikia Usiyemjua

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na wengi tutaposti. Hashtegi humleta kwako hata mtu asiyekufuata, mradi akaunti yako iko wazi kwa wote. Iandike bila nafasi: #RozariTakatifu. Ukiandika #Rozari Takatifu, neno la pili linabaki nje. Chagua mbili tatu zinazoendana na ulichoandika. Kubandika jina la msanii anayevuma ili tu uonekane, huo ni uongo, hata kama picha ni ya Bikira Maria. Anayetafuta #Huzuni usiku wa manane anaweza kufika kwako. Je, atakuta neno la kumfariji, au mtu anayesaka laiki tu? Kabla hujaposti, mwombee kwanza, hata kwa Salamu Maria moja.