Mafuta yafike kwanza, ndipo moteri iwake



Katika kundi moja la wakulima wa mpunga hapa Lubutu, mashini ya kukoboa ilikaa kimya karibu miezi miwili ikingoja mavuno. Siku ya kwanza ya msimu wamama walipanga magunia yao tangu alfajiri. Kijana wa mashini alipima mafuta ya moteri kwa kijiti: yako sawa, yamefika alama ya juu. Akatia mazutu, akazungusha manivele, moteri ikawaka. Foleni ilikuwa ndefu, basi akafungua gazi hapo hapo mpaka mwisho. Gunia la tatu halijaisha, moteri ikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Kisha ikashika. Haizunguki tena.

Kamati ikasema kijana ameuza mafuta ya moteri. Nusura wamfukuze. Lakini tulipofungua pamoja na fundi, mafuta yalikuwamo, tena mengi. Ila yalikuwa chini, na kule juu yanakohitajika hapakuwa na kitu.

Tueleze vizuri, maana hii habari inachanganya watu wengi. Shafti kubwa ya moteri ni chuma kigumu sana. Inazunguka ndani ya vipande laini vyenye umbo la nusu duara, ambavyo mafundi wetu wanaviita kusine, na wale waliojifunza kazi Uganda wanaviita beringi. Kati ya shafti na kusine iko nafasi ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Moteri ikizunguka, pompi inasukuma mafuta katika nafasi ile, na shafti inaelea juu ya mafuta bila kugusa chuma. Moteri ikisimama, mafuta yanateremka polepole mpaka chini. Ikisimama usiku mmoja, bado unabaki utando kidogo. Ikisimama wiki nyingi, kusine inabaki karibu kavu, na pompi yenyewe inaweza kuwa na hewa tupu ndani.

Sasa wewe unawasha. Kwa sekunde za kwanza chuma kinasugua chuma, mpaka mafuta yapande. Ukiongeza gazi na kumpa mzigo wakati huo huo, kusine inayeyuka usoni na kujipaka kwenye shafti. Kwa hiyo kijiti cha kupimia hakitoshi. Kinakuambia mafuta yako ndani ya moteri, lakini hakikuambii kama yamefika kwenye kusine.

Je, tufanye nini? Kwa moteri ndogo za Kichina zenye silinda moja, ambazo ndizo nyingi katika koperative zetu, dawa ni bure. Weka gazi mahali pa kuzimia ili isiwake. Inua kile kimkono cha kuachilia pumzi ya silinda kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia zungusha manivele pole pole, kisha kwa nguvu kidogo. Angalia kile kialama chekundu cha mafuta juu ya moteri. Kikinyanyuka, ujue pompi imeshika mafuta na inayasukuma. Hapo ndipo uwashe, uiache itembee polepole bila mkanda wa kukobolea kwa dakika chache. Kama umezungusha mpaka umechoka na chekundu hakipandi, usiwashe. Mwite fundi aangalie pompi na chujio. Katika ile mashini tuliyosimulia, kialama kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefunikwa na pumba za mpunga, hakuna aliyekiona tangu mwaka uliopita pengine. Kitambaa kimoja kingaliokoa shafti.

Kwa jenereta kubwa zenye silinda nyingi na betri, kanuni ni ile ile: funga mazutu, zungusha kwa staata muda mfupi, usizidi sekunde kumi kwa mara moja, uache staata ipumzike, urudie mpaka saa ya mafuta ionyeshe presha. Moteri za meli kubwa zina pompi ya pekee, ya umeme au ya mkono, inayojaza mafuta kabla shafti haijazunguka hata mara moja.

Makundi mawili yametuuliza kama wanunue pompi kama hiyo. Kwa moteri ya silinda moja sisi tunasema hapana, franka zenu zinunue mafuta mapya na chujio. Kwa jenereta kubwa inayokaa wiki nyingi bila kazi, inaweza kufaa, mradi mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, lazima pawe na valvu inayoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu. Bila hiyo, moteri ikiwaka presha yake inarudi nyuma kupitia pompi ndogo, na kusine inapungukiwa. Pili ni tiyo.

Hapa kwenye tiyo ndipo watu wanaharibu. Mafuta ya moteri yenye moto yanafika karibu joto la maji yanayochemka, na yana presha. Tiyo ya maji, ile ya kumwagilia au ya kuvutia mazutu kwenye bidoni, itakaa siku chache kisha itavimba, italainika na kupasuka. Ikipasuka moteri ikiwa kazini, mafuta yote yanamwagika chini kwa dakika chache tu, na umeua kusine ulizotaka kulinda. Afadhali kutokuwa na pompi kuliko kuwa na pompi yenye tiyo mbovu.

Chagua tiyo iliyotengenezwa kwa mafuta, yenye nyuzi au waya ndani ya mpira. Usiifunge kwa kamba ya mpira wa kinga wala kwa waya wa kufungia tole. Ukiikata, puliza ndani, kwa sababu vipande vya mpira vinaziba njia ya mafuta. Usiipitishe karibu na eksozi, wala mahali inaposuguana na chuma. Usiivute ikanyooka kabisa: moteri inatikisika, basi tiyo iwe na ulegevu. Kila juma ibonyeze kwa vidole. Ikiwa ngumu kama mti, au laini kama ndizi iliyoiva, au ina nyufa, au inatoa jasho la mafuta penye kifungo, ibadilishe kabla ya msimu, si katikati ya msimu.

Kwa kundi lile, kusine na kazi ya kusawazisha shafti zilitoka Kisangani, zaidi ya kilomita 200 kwa pikipiki, wakati wa mvua. Siku zote hizo wamama walirudi kwenye kinu na mchi. Wachuuzi walionunua mpunga mbichi walipunguza bei, na kamati haikuweza kukataa.

Kijana yuko kazini bado. Wamemtundikia manivele ukutani pamoja na kitambaa, na sasa kamati imekubali kwamba mashini ikilala zaidi ya wiki moja, yeye ndiye anayeamua foleni ianze lini.