Mashine ya Kukausha Hewa Ikinuka Kuungua

Zima swichi ya ukutani kwanza. Usianze kunusanusa kutafuta harufu inakotoka huku mashine inaunguruma. Swichi yenyewe ikiwa ya moto au imeyeyuka, usiiguse. Kata umeme kwenye swichi kuu.

Ukiona moshi au moto, toa watu wote nje, funga mlango wa chumba na piga 114, Zimamoto. Usimwage maji. Moshi wa plastiki huwasha macho na kifua, na mwenye pumu au mtoto mchanga huathirika upesi. Aliyevuta moshi akiendelea kukohoa au kusikia kizunguzungu, mpelekeni kituo cha afya.

Hali ikitulia, tazama soketi. Alama ya kahawia kandokando ya matundu maana yake plagi ililegea na ikawa inapata joto. Plastiki ya soketi au waya ikizidiwa na joto huweza kunuka kama samaki aliyeoza, na kwetu pwani harufu hiyo watu huisingizia jikoni. Kama jikoni hakuna samaki, achana na wazo hilo.

Harufu ya vumbi ni nyingine. Mashine yenye hita iliyokaa miezi mingi bila kazi hunuka vumbi dakika chache, kisha basi. Chujio likiziba, feni na kompresa hulemewa. Lioshe, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Lakini iliyonuka plastiki isiwashwe tena, hata ikishapoa.

Hatari ninayoihofia zaidi ni mitumba. Vyombo vya Japani hutengenezwa kwa volti 100, vya Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Namba ya modeli pia iulizie: mwaka 2013 huko Marekani, mashine zaidi ya milioni 2 ziliitwa zirudishwe kwa kuwa zilipata joto kali na kushika moto, na kasoro ya namna hiyo haiponi kwa transfoma ya kushusha volti.

Usiifungue mwenyewe. Ikiandikwa R290, ndani mna propani, gesi inayowaka. Mwite fundi wa friji, umweleze harufu ilikuwaje, ilianza mashine ikiwa imewaka kwa muda gani, na kama ilichomekwa ukutani au kwenye ekstensheni.