Makala Yako Isirudishwe Kabla ya Kusomwa

Ndugu mwanafunzi, ukipeleka makala ya uhandisi kwenye mkutano unaofuata mtindo wa IEEE, pakua kiolezo chao kwanza, ndipo uandike. Kuhamisha maandishi usiku wa mwisho huvuruga milinganyo na picha. Matini hupangwa safu mbili, kwa herufi za Times New Roman za ukubwa wa 10. Maelezo ya mchoro hukaa chini yake. Kichwa cha jedwali hukaa juu, na majedwali huhesabiwa kwa namba za Kirumi. Marejeo hufuata mpangilio wa kutajwa, [1], [2], wala si alfabeti. Waliozoea APA huteleza hapa. Kurasa zikizidi, punguza maneno. Pambizo usiziguse kabisa! Wahariri hulitambua hilo upesi, na makala yaweza kurudishwa bila kusomwa. Mwisho, hakikisha fonti zote zimepachikwa ndani ya PDF.