Mavazi ya Safari ya Mji wa Baridi na Mvua: Somo Lililoanzia Nyumbani Kwetu

Hayawi hayawi huwa! Mwaka jana mwezi wa Agosti dadangu mkubwa alipata barua ya kumwita kwenda kusomea uuguzi katika mji wa Glasgow, huko Uskoti, upande wa kaskazini wa ufalme wa Uingereza. Nyumba nzima ilijaa vigelegele. Nyanya alichinja kuku wake wawili. Lakini usiku ule ule, wageni walipokwisha kwenda zao, mama aliuliza swali moja ambalo lilitunyamazisha sote: "Sasa huyu mtoto atavaa nini huko?"

Mpenzi msomaji, usicheke. Sisi ni watu wa Mombasa. Hapa kwetu hata usiku wa Julai, ambao ndio tunauita wa baridi, huwa ni kama nyuzi 20 tu. Sweta yangu ya shule huifunga kiunoni kutwa. Dada naye alikuwa hajawahi kupita Voi. Pesa za nguo zilikuwa shilingi 9,000, ambazo mama alizipokea zamu yake ya chama ilipofika. Hizo ni pesa za mahamri na mbaazi za kila alfajiri. Zikiharibika, hakuna zingine.

Mama alikuwa amekwisha kuona koti moja zito katika duka la mjini, bei yake shilingi 7,500. "Tununue hili, tumalize," akasema. Baba akanigeukia. "Wewe ndiwe unayesoma Fizikia. Hebu tuambie, koti hili linafaa au halifai?" Sikuwa na jibu. Nikaomba siku tatu. Kuuliza si ujinga, basi nikawauliza walimu wangu wa Jiografia na Fizikia, nikasoma, na mengine nikayajaribu mwenyewe jikoni. Niliyoyapata ndiyo haya.

1. Kwanza yajue majira

Dada alitakiwa kufika katikati ya Septemba. Wakati huo majani ya miti ya kule huanza kugeuka rangi, yakawa manjano na mekundu, kisha yakaanguka. Kwa Kiswahili tunaweza kusema majira ya kupukutika majani. Kuna wanaoyaita vuli, lakini kwa maoni yangu jina hilo lina hatari. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mtu wa huku akisikia vuli huwaza kupanda kunde, hawazi kuvaa glavu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba majira haya hayatulii. Glasgow mwezi wa Septemba mchana huwa kama nyuzi 16. Ikifika Novemba mchana huwa kama nyuzi 9, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 4. Jua nalo hukimbia. Hapa Mombasa huzama baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini kule mwisho wa Novemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo nguo moja ya kufaa safari yote haipo. Zito la Novemba litakutoa jasho Septemba, na jepesi la Septemba litakutesa Novemba.

2. Mvua yao si mvua yetu

Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Mombasa hupata mvua ya zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Glasgow hupata kama milimita 1,100 hadi 1,200. Kumbe hatuachani sana! Mbona basi wao ndio wanaoitwa watu wa mvua?

Jibu liko katika hesabu ya siku. Yetu nyingi humwagika kwa masika, mwezi wa Aprili na Mei. Inanyesha ya kujaza mitaro, kisha jua linatoka na nguo zinakauka kwenye kamba. Yao imegawanywa kidogo kidogo katika siku zipatazo 170 kwa mwaka. Ni manyunyu na rasharasha, tena yanakuja na upepo kutoka bahari ya Atlantiki. Sisi mvua ikinyesha tunasimama chini ya baraza tukingoja ikatike. Ukifanya hivyo Glasgow utaukosa mtihani, maana huenda isikatike hadi jioni. Kule mtu hutembea ndani ya mvua na kazi yake inaendelea.

Basi nikawaambia wazazi kwamba swali letu tulikuwa tumeliuliza vibaya. Tulikuwa tunauliza nguo gani itashinda baridi. Swali lenyewe lilikuwa hili: nguo gani zitamweka mtu akiwa mkavu?

3. Jaribio la mikebe

Baba hakuridhika, akataka ushahidi. Nikachukua mikebe mitano ya kakao iliyo sawa, nikaijaza maji ya moto kutoka sufuria moja, na mwalimu akaniazima kipimajoto. Mkebe wa kwanza niliuacha uchi. Wa pili niliuvika kitambaa kimoja kizito. Wa tatu niliuvika fulana tatu nyepesi. Wa nne niliuvika fulana tatu zilizoloa maji. Wa tano niliuvika fulana tatu kavu, na juu yake kipande cha turubai jepesi. Nikawasha feni, nikangoja nusu saa.

Mkebe uliopoa kuliko yote ulikuwa wa nne. Ulipoa kuushinda hata ule uliokuwa uchi! Sababu yake ni kwamba maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo, na upepo huyaharakisha. Kumbe nguo iliyoloa si kwamba haisaidii tu, bali inakuibia joto lako. Kitambaa kizito na fulana tatu havikupishana sana, fulana zilishinda kidogo. Hii ni kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya fulana na fulana, maana hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mshindi alikuwa mkebe wa tano, kwa kuwa turubai liliuzuia upepo wa feni.

Mama alivishika vile vikebe kimoja kimoja kwa mkono wake. Alipofika cha nne akasema, "Basi lile koti tuliache."

4. Kanuni ya nguo tatu

Haba na haba hujaza kibaba. Badala ya nguo moja nzito, msafiri avae tatu, kila moja na kazi yake.

(a) Ya ndani. Hii hugusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho. Pamba, ambayo sisi tunaipenda kwa joto letu, hapa haifai sana kwa kuwa hunywa maji na huchelewa kukauka. Afadhali sufu nyembamba au poliesta.

(b) Ya kati. Kazi yake ni kunasa hewa. Sweta ya sufu ndiyo bingwa. Sufu inaweza kufyonza unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mtu hajahisi kwamba imeloa.

(c) Ya nje. Kazi yake ni kuzuia mvua na upepo, wala si lazima iwe nzito. Iwe pana ya kuingia juu ya sweta mbili, na iwe na kofia iliyoshonewa hapo hapo.

Msafiri akisikia joto ndani ya basi anavua moja. Akisikia baridi anaiongeza. Mwenye koti moja zito hana hiari: ama anatokwa na jasho, ama anatetemeka.

Tena koti la mvua lina historia yake Glasgow kwenyewe. Charles Macintosh, mkemia aliyezaliwa katika mji huo mwaka wa 1766, ndiye aliyepata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji mwaka wa 1823. Aliuyeyusha mpira kwa nafta itokanayo na lami ya makaa ya mawe, akaupaka kati ya vitambaa viwili. Makoti yale ya mwanzo yalikuwa na taabu zake, kwenye joto yalinata na kwenye baridi yalikakamaa. Hata hivyo hadi leo Waingereza huliita koti la mvua kwa jina lake.

5. Siku ya Kongowea

Jumamosi tulikwenda sokoni Kongowea, mama, dada na mimi. Mitumba ina hila, lakini tulikuwa na njia zetu za kuipima.

Koti la mvua tulilidondoshea maji ya chupa. Matone yakikaa juu na kuteleza kama juu ya jani la jimbi, koti ni zima. Yakizama, rudisha. Kisha tuligeuza ndani tukatazama mishono, kwa sababu maji hupenda kupitia pale. Sweta tulizisoma lebo. Ambayo haikuwa na lebo tulimwomba muuzaji tuchomoe uzi mmoja tuuchome. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu, ni nailoni au jamaa zake. Muuzaji alitutazama akacheka, "Nyinyi mmetumwa na serikali?"

Hivi ndivyo tulivyonunua: koti la mvua 2,200, sweta mbili za sufu 1,000, fulana tatu za mikono mirefu 600, suruali mbili, moja ya jinzi, 800, soksi nene jozi tatu 450, kofia ya sufu na glavu 350, mwavuli 600. Jumla ni shilingi 6,000. Koti tulichagua la manjano ili madereva wamwone gizani. Ndani yake lilikuwa na lebo ya duka la Uingereza. Mama akasema, "Koti hili limekuja kutembea tu, sasa linarudi kwao." Shilingi 3,000 zilizobaki dada alizifunga katika leso mbili ambazo nyanya alimpa, akaondoka nazo.

6. Kosa letu

Mpenzi msomaji, ningeweza kumalizia hapa nikajisifu. Lakini somo la kweli lilikuja baadaye.

Mwezi wa kwanza dada alipopiga simu alikuwa akimwambia mama, "Niko salama, nguo zinatosha." Mwezi wa Desemba ndipo aliponieleza mimi yote. Nguo zilitosha kweli, lakini tulisahau miguu! Mjomba alikuwa amemnunulia raba nyeupe za kitambaa, nzuri sana, nasi tukaona shughuli ya viatu imekwisha. Siku ya kwanza ya mvua ziliingia maji kabla hajafika chuoni. Akashinda kutwa na soksi zilizoloa. Kesho yake raba hazikuwa zimekauka, akazivaa vivyo hivyo. Ngozi ya miguu ikalainika, ikachubuka, ikafanya malengelenge. Anasomea uuguzi, kazi ya kusimama. Aliniambia kwamba jioni moja alikaa kitandani akalia, akataka kurudi nyumbani, na sababu haikuwa masomo. Ilikuwa miguu.

Mwanafunzi mwenzake alimpeleka katika duka la mitumba la huko huko, akanunua buti za ngozi kwa zile shilingi 3,000 alizozibadilisha. Tangu siku ile hakulia tena.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Mwavuli ulipinduliwa na upepo wiki ya pili, ukavunjika mbavu. Afadhali zile 600 zingeongezwa kwenye viatu. Suruali ya jinzi ilikuwa inachukua siku mbili kukauka chumbani. Buibui lake lilikuwa likifyonza maji ya barabarani kwa pindo hadi magotini, akalipandisha pindo kidogo na kuvaa suruali ya poliesta chini yake. Na leso za nyanya? Moja anajifunga shingoni chini ya koti kila siku. Nyingine anajitanda usiku akisoma.

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akajibu, "Mama alitoa pesa zake zote. Ningemwambiaje kwamba zimepungua?" Sasa mama anajua, kwa sababu nilimsomea makala haya kabla sijayaleta kwa mhariri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema niandike hivi: mtu akikuuliza kama una shida, mwambie.

Hitimisho

Wapo kati yetu watakaokwenda ng'ambo, na wapo watakaokwenda Limuru au Kericho tu kwa mashindano ya shule. Kanuni ni ile ile. Anzia viatuni, upande juu. Baki mkavu kwanza, joto litafuata. Vaa nyingi nyepesi, usivae moja nzito. Na pesa usizimalize zote kabla ya kufika, kwani kuna haja ambayo hutaiona mpaka ufike.

Maswali ya kujipima

1. Mombasa na Glasgow hupata mvua inayokaribiana. Eleza kwa nini mavazi ya mvua ya miji hii miwili hayawezi kuwa sawa.
2. Kwa nini mkebe uliovikwa fulana zilizoloa ulipoa kuliko ule uliokuwa uchi?
3. Wewe na shilingi 9,000 zile zile, ungenunua nini na ungeacha nini? Toa sababu.
4. Tunga sentensi ukitumia: manyunyu, rasharasha, masika, kupukutika.