Kutembea na Mzigo: Matayarisho ya Mtihani wa Moyo na Pumzi

Kazi nyingi humtaka mwombaji aonyeshe cheti cha elimu. Zipo chache ambazo humtaka pia athibitishe kwamba moyo wake unatosha. Mojawapo ni kazi ya kuzima moto wa misitu nchini Marekani. Mwaka 1975 Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilianza kuwapima watu wake kwa zoezi la kupanda na kushuka kibao. Katika miaka ya 1990 ukaletwa mtihani wa kutembea na mzigo, na huo ndio tutakaouchunguza hapa.

Mtahiniwa hubeba mgongoni mzigo wa kilo 20.4, akatembea kilometa 4.83 katika ardhi tambarare kwa muda usiozidi dakika 45. Haruhusiwi kukimbia. Mwanafunzi akigawanya, ataona kwamba kasi inayotakiwa ni mita 107 hivi kwa dakika. Mwenye hatua ya sentimeta 80 itambidi apige hatua 134 kila dakika; mwenye hatua ya sentimeta 70 atapiga 153. Kwa hiyo mtu mfupi huanza na deni, na mtu mwepesi vilevile, maana mzigo huo ni theluthi ya uzito wa mtu wa kilo 60. Yawezekana kuliona jambo hili kuwa si haki. Hata hivyo, mipira ya maji na mashoka havipungui uzito kwa kumhurumia abebaye.

Je, kipimo hiki kilitoka wapi? Wataalamu walikadiria kwamba mzima moto akiwa kazini hutumia, kwa wastani, mililita 22.5 za oksijeni kwa dakika kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu aliyeketi hutumia kama 3.5 tu. Sasa, hakuna awezaye kufanya kazi kutwa kwa upeo wa uwezo wake. Aliyejizoeza hudumu kwa takriban nusu ya upeo huo. Basi upeo unaotakiwa ni mara mbili ya 22.5, yaani 45. Mwenye upeo wa 30 angelazimika kutumia robo tatu ya uwezo wake saa baada ya saa. Angechoka mapema, na katika msitu unaowaka aliyechoka huwahatarisha hata wenzake wanaobaki nyuma kumsaidia.

Oksijeni hupita katika mapafu, ikachukuliwa na damu, ikasukumwa na moyo hadi kwenye misuli. Kwa mtu mwenye afya, mapafu si kikwazo kikubwa. Kikwazo hasa ni kiasi cha damu ambacho moyo waweza kusukuma kwa dakika, nacho ni idadi ya mapigo mara ujazo wa damu kwa kila pigo. Idadi ya juu kabisa ya mapigo haiongezwi na mazoezi, nayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Kinachoongezeka ni ule ujazo. Maji ya damu huanza kuongezeka katika siku za mwanzo za mazoezi, lakini kukua kwa moyo wenyewe na kuchipua kwa mishipa midogo ndani ya misuli huhitaji majuma mengi. Anayengoja juma la mwisho ndipo ajikaze huingia mtihanini na misuli inayouma, basi.

Kwa sababu hiyo matayarisho yaanze majuma sita kabla, au yasipungue manne. Kwanza mtu amwone daktari, hasa akiwa na umri uliopita miaka 40 au akihisi maumivu ya kifua. Wamekwisha kufa watu kwa maradhi ya moyo katika mtihani huu na katika mazoezi yake. Kisha atembee masafa yale bila mzigo, mara tatu kwa juma, hata aweze kuyamaliza chini ya dakika 45. Hapo ndipo atie kilo 11 hivi, na kuongeza kidogo kidogo. Siku nyingine apande vilima polepole na mzigo wake, au aendeshe baiskeli. Viatu vya mazoezi viwe vilevile vya mtihani. Siku mbili za mwisho apumzike.

Mwalimu mwenye uwanja wa mita 400 aweza kulifanya jambo hili kuwa jaribio la darasa, ila bila mzigo wowote. Masafa ni mizunguko 12 na mita 30, kila mzunguko kwa dakika 3 na sekunde 43. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo mara wamalizapo, na tena baada ya dakika moja. Warudie kila juma kwa majuma sita, kwa kasi ileile, na wachore grafu. Mapigo yakipungua ilhali kasi haikubadilika, waulizwe: ujazo wa damu kwa kila pigo umefanyaje?